Kilo mbili na nusu kamili: mwanafunzi wa udaktari anaanzaje utafiti?

Daftari la MTUHA (mfumo wa taarifa za huduma za afya) la wodi ya wazazi lina safu ya uzito wa mtoto. Siku zamu ikipoa, ishuke safu hiyo kwa kidole: 3.0, 2.5, 3.2, 3.0, 2.5, 2.8, 3.0, 2.5. Geuza ukurasa. Mara nyingi utakuta mambo ni yaleyale: kilo tatu kamili na kilo mbili na nusu kamili zimerundikana, huku 2.4 na 2.6 zikionekana kwa nadra. Maumbile hayapimi kwa nusu kilo. Kuna jambo limetokea kati ya mtoto na kalamu.

Mwanafunzi anayesimama hapo akauliza "kwa nini?" ameshaanza utafiti, hata kama hajawahi kufungua programu ya takwimu na hana hata shilingi ya ufadhili. Nalisema hili kwa sababu ushauri wanaopewa wanafunzi wetu huanzia mwisho. Jifunze takwimu, tafuta mada, tafuta fedha, tafuta profesa mwenye jina. Mwaka wa tano unafika, chuo kinadai ripoti, na mtu anachukua kichwa cha utafiti wa waliomtangulia, anabadilisha jina la wilaya, anachapa dodoso. Maandiko ya namna hiyo ni mengi mno: "Uelewa, mtazamo na mienendo kuhusu" jambo fulani, na ukurasa wa mwisho unapendekeza jamii ipewe elimu zaidi. Miezi sita ya kijana mwenye akili imekwenda, na hakuna aliyejua kitu kipya.

Kwa hiyo nitalifuata swali moja tu, hilo la kilo mbili na nusu, kutoka daftarini hadi kwenye jarida.

Mada si swali

Kwanza, lina uzito gani? Shirika la Afya Duniani humhesabu mtoto kuwa na uzito pungufu akizaliwa chini ya gramu 2,500. Chini ya, 2,500 yenyewe haimo. Kwa hiyo mtoto wa gramu 2,450 akiandikwa 2.5, kwenye takwimu za mkoa yeye ni mtoto wa uzito wa kawaida. Huenda asifuatiliwe kwa ukaribu joto lake na unyonyaji wake, na mama yake asielekezwe kumbeba kifuani kwa njia ya kangaruu. Wakijumlishwa watoto wa namna hiyo wa mwaka mzima, wilaya itaonekana ina wachache wenye uzito pungufu kuliko ilivyo kweli, na mipango itapangwa hivyo.

Sababu zinaweza kuwa kadhaa. Mizani ya mshale yenye alama za gramu mia mia, mshale unaocheza kila mtoto anaporusha miguu. Mkunga mmoja mwenye akina mama wanne wanaosukuma kwa wakati mmoja, anayekuja kujaza daftari saa mbili baadaye kwa kumbukumbu. Au mazoea tu ya mkono. Kila sababu hapo ni utafiti wake, na ndiyo maana lazima uchague.

"Uzito pungufu wa watoto wachanga" ni mada, na mada haiishi. Swali ni hili: kati ya watoto wote waliozaliwa katika hospitali hii kwa mwaka mmoja, ni asilimia ngapi waliandikwa gramu 2,500 kamili, na je, asilimia hiyo ilibadilika baada ya wodi kupata mizani ya kidijitali? Hapo kuna watu, kuna mahali, kuna muda, kuna kipimo, na jibu linaweza kukukatalia ulichodhani. Kipimo ninachokiamini ni kumweleza muuguzi wa zamu kwa sentensi moja ya Kiswahili. Akikuuliza, "Kwa hiyo hasa unataka kuhesabu nini?" ujue bado una mada.

Wala usilidharau swali kwa kuwa limetoka kwa mwanafunzi. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, akiwa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake akaona mchanganyiko wake uliowekwa kwenye friza ukiwa wa moto umeganda kabla ya ule uliosubiriwa upoe. Aliuliza, akachekwa. Baadaye, akiwa Mkwawa mjini Iringa, alimuuliza tena Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam aliyeitembelea shule. Osborne alilibeba swali hadi maabara, na mwaka 1969 wakachapisha makala wakiwa wawili. Wanafizikia wanabishana hadi leo kama jambo hilo lipo kweli, na ubishi huo wenyewe umezaa tafiti nyingine.

Waliotangulia, na wa kukushika mkono

Kabla hujaenda mbali, tazama waliokutangulia wamesema nini. PubMed, hifadhi ya mtandaoni ya kutafutia makala za tiba, ni bure. Hinari, mpango ambao Shirika la Afya Duniani na wachapishaji wakubwa waliuanzisha mwaka 2002, unafungua majarida ya kulipia kwa taasisi za nchi kama zetu. Nenda kwa mkutubi wa chuo umuulize jinsi ya kuingia. Hatua hiyo ya dakika tano wanafunzi wengi hawaichukui mpaka wanahitimu. AJOL inakusanya majarida ya Afrika, yakiwemo ambayo hayapatikani kirahisi kwingine. Kwa swali letu utakuta kwamba mrundikano wa namba unajulikana siku nyingi: umeonekana kwenye uzito, kwenye umri unaoishia na sifuri au tano, na kwenye presha inayoishia na sifuri. Usivunjike moyo kwamba wenzako wameshalishika. Wamekuachia mbinu za kupima. Jibu la hospitali yako hawanalo.

Neno moja kuhusu akili mnemba. Programu hizi zinaweza kukusaidia kunyoosha sentensi, lakini pia hubuni makala ambazo hazijawahi kuandikwa, zikiwa na majina ya waandishi na mwaka. Usiweke rejeo ambalo hukulifungua na kulisoma kwa macho yako.

Halafu msimamizi. Ujumbe wa "Shikamoo Dokta, naomba mada ya utafiti" unamtwisha mtu mwenye wagonjwa arobaini kazi ya kufikiri kwa niaba yako. Linganisha na huu:

"Shikamoo Dokta. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa nne, mwezi uliopita nilikuwa wodi ya wazazi. Niliona kwenye daftari watoto wengi wameandikwa kilo 2.5 kamili, nikajiuliza kama wengine walikuwa chini ya hapo. Nimesoma makala tatu juu ya jambo hili na nimeandika ukurasa mmoja wa namna ya kulipima. Naomba dakika 15 zako, siku yoyote utakayokuwa na nafasi, unisahihishe."

Huo unajibiwa. Na kama haujajibiwa kwa wiki mbili, kumbusha mara moja kwa adabu, kisha bisha hodi kwingine. Mimi namwamini msimamizi anayejibu kuliko mwenye jina kubwa asiyepatikana. Madaktari wanaosomea ubingwa ni hazina iliyosahaulika: nao wana tasnifu za kumaliza, wanahitaji mikono, na kumbukumbu za makosa yao ya kwanza bado ni mbichi. Kujiunga na utafiti ambao tayari unaendelea, chuoni au kwenye vituo vya NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba) na vya taasisi ya afya ya Ifakara, hata kwa kazi ya kujaza fomu, kutakufundisha kwa miezi miwili yale ambayo mihadhara haikufikisha.

Ile 384

Ukipitia ripoti za wanafunzi utakutana na namba 384 mara kwa mara. Sampuli ya watu 384, au 385, au 422 baada ya kuongeza asilimia kumi ya watakaokataa. Wengi wanaoiandika hawajui imetoka wapi, na mtahini anapouliza chumba kinakuwa kimya. Acha tuifungue.

Unapotaka kukadiria asilimia ya jambo fulani, ukubwa wa sampuli unategemea mambo matatu: uhakika unaoutaka, asilimia unayoitarajia, na kiasi cha kukosea utakachovumilia. Kwa uhakika wa asilimia 95, namba inayotumika ni 1.96, izidishe kwa yenyewe upate 3.8416. Ukitarajia nusu ya watu wana jambo hilo, zidisha 0.5 kwa 0.5 upate 0.25. Ukivumilia kukosea kwa asilimia tano kila upande, 0.05 mara 0.05 ni 0.0025. Sasa 3.8416 mara 0.25, gawanya kwa 0.0025: 384.16. Ndiyo hiyo.

Maana yake, 384 ni jibu la mtu asiyejua chochote kuhusu anachokipima, akachagua nusu kwa nusu ili awe salama. Ukitarajia asilimia kumi badala ya hamsini, kwa uvumilivu uleule, unahitaji watu 139 tu. Lakini tulia: kukosea kwa asilimia tano kwenye jambo la asilimia kumi kunamaanisha jibu lako liko kati ya tano na kumi na tano, na hilo ni pana mno kumsaidia mtu. Bana uvumilivu hadi asilimia mbili, hesabu inaruka hadi 865. Ukishaona namba zinavyotembea hivi, unaweza kujadiliana na msimamizi badala ya kunakili.

Swali letu halihitaji kanuni hiyo kwa jinsi lilivyo. Daftari lipo, mwaka mzima umeandikwa, kwa hiyo unachukua watoto wote. Lakini lina ukomo wake, na lazima uuseme: daftari linakuonyesha kilichoandikwa, halikuonyeshi uzito halisi. Mrundikano kwenye 2.5 utauona, ni watoto wangapi waliovushwa mpaka, hutajua kwa hakika. Ili ujue, ni lazima mtoto apimwe mara ya pili kwenye mizani iliyohakikiwa, na huo ni utafiti mwingine, wenye akina mama wa kuombwa ridhaa, sampuli ya kukokotolewa na miezi ya kazi. Anza na wa daftari. Huo wa pili utaujengea juu yake.

"Ni daftari tu" si hoja

Wanafunzi hukwama hapa kuliko popote, kwa sababu wanaanza kukusanya kwanza na kuomba kibali baadaye. Rekodi za wagonjwa ni za wagonjwa. Hata kama hutamgusa mtu, unahitaji kibali cha kamati ya maadili ya utafiti ya chuo chako. Ngazi ya taifa, upande wa Tanzania Bara, ni kamati iliyo chini ya NIMR, taasisi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979. Zanzibar ina ZAHRI, taasisi yake ya utafiti wa afya. Kenya, baada ya kamati ya maadili, kuna leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia. Kisha uende na barua kwa mganga mfawidhi wa hospitali. Kwa utafiti wa daftari, kamati inaweza kukuruhusu usitafute ridhaa ya kila mama, kwa sharti la kutochukua majina. Uamuzi huo ni wa kamati, mwanafunzi hajiamulii.

Taratibu hizi zina historia iliyolipiwa na watu. Kule Tuskegee, Alabama, kuanzia 1932 hadi 1972, wanaume weusi wapatao 400 wenye kaswende walitazamwa bila kutibiwa, hata penisilini ilipopatikana, ili watafiti waone ugonjwa unavyokwenda. Azimio la Helsinki, lililopitishwa mwaka 1964, linasema maslahi ya mtu yanatangulia maslahi ya sayansi. Unapojaza fomu ya kamati ukaona inakuchosha, wakumbuke wale.

Kibali huchukua wiki, wakati mwingine miezi, na kamati nyingi zina ada; hesabu kuanzia tarehe ya kukabidhi ripoti ukirudi nyuma, na usisubiri bumu (fedha ya mkopo wa wanafunzi) la muhula wa mwisho. Na tafadhali, usipige picha ukurasa wa daftari kwa simu na kuurusha kwenye kundi la WhatsApp ili mwenzako akusaidie kuingiza data. Majina ya akina mama yamo.

Ukiuliza watu, uliza kwa lugha yao

Tuseme swali lako si la daftari, ni la kuhoji watu. Hapa mwanafunzi anayezungumza Kiswahili ana kitu ambacho mtafiti mgeni anakilipia, na mara nyingi anakitupa. Anaandika dodoso kwa Kiingereza, analitafsiri usiku mmoja, kesho yuko kliniki.

Chukua neno degedege. Muulize mama, "Mtoto wako aliwahi kupata malaria kali?" atakujibu hapana. Muulize, "Aliwahi kushikwa na degedege?" atakaa vizuri kwenye benchi akueleze: macho yaligeuka, mwili ukakakamaa, bibi akasema asichomwe sindano, wakampeleka kwa mganga. Kwa familia nyingi za pwani degedege si malaria. Ni jambo la pepo, na tiba yake si ya hospitali. Utafiti uliofanyika wilayani Bagamoyo miaka ya 1990 ulilichunguza hasa hili, kwa kuwa dalili za degedege zinafanana na za malaria kali na ucheleweshaji ulikuwa unaua watoto. Dodoso lisilolijua neno hilo lingerudi na takwimu safi, zilizojazwa vizuri, na za uongo.

Kwa hiyo andika maswali kwa Kiswahili cha wanaojibu, mpe mtu mwingine ayarudishe kwenye Kiingereza bila kuona ya kwanza, linganisha. Kisha yajaribu kwa watu kumi ambao hawatakuwa kwenye utafiti wako. Sikiliza wanaposita. "Presha" ya mgonjwa si kila mara shinikizo la damu. Kwa wengine ni moyo kwenda mbio baada ya ugomvi. "Homa" inaweza kuwa joto, inaweza kuwa malaria, inaweza kuwa mafua.

Kutoka namba hadi makala

Kuhusu programu nitasema kidogo, kwa kuwa ndizo zinazozungumzwa kupita kiasi. R na Jamovi ni bure na zinatosha. KoboToolbox inakuwezesha kukusanya majibu kwa simu hata mahali pasipo na mtandao. La muhimu zaidi ni nidhamu ya kuingiza data: kila mtoto namba yake, hakuna jina, uzito uandikwe jinsi ulivyo daftarini bila kuurekebisha, na sehemu ya rekodi iingizwe mara mbili na watu wawili ili makosa yaonekane. Kisha, kabla ya jaribio lolote la takwimu, chora chati ya nguzo, kila uzito na idadi ya watoto wake. Kwa swali letu mchoro pekee unaweza kuwa nusu ya makala: mnara kwenye 2.5, mnara kwenye 3.0, na mabonde katikati.

Majina ya waandishi yaandikeni mapema, mkiwa bado marafiki. Kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba inadai mambo manne yote kwa pamoja: mwandishi awe amechangia kwa kiasi kikubwa katika kazi yenyewe, awe ameiandika au kuihakiki kwa kina, awe ameidhinisha nakala ya mwisho, na akubali kuiwajibikia. Mkuu wa idara hastahili jina lake liwepo kwa cheo tu. Wala mwanafunzi aliyefanya kazi hapaswi kuishia kwenye shukrani. Mwaka 1835 James Paget, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza katika hospitali ya St Bartholomew, London, alikuwa akipasua maiti akaona vitone vyeupe kwenye misuli. Vitone hivyo vilikuwa vimeshaonwa na wengine. Vilichukuliwa kuwa vipande vya mfupa tu, vinavyobutua visu. Paget aliazima hadubini, akakuta ndani ya kila kitone kuna mnyoo umejikunja. Aliyeueleza mnyoo huo mbele ya wanasayansi na kuupa jina alikuwa Richard Owen, mtu aliyekwisha kuwa na nafasi yake, na sifa ikaenda naye kwa muda mrefu. Wanafunzi wetu wanaijua hadithi hii kwa majina mengine.

Pa kuchapisha papo. Muhimbili kumekuwa na jarida la wanafunzi wenyewe, Dar es Salaam Medical Students' Journal. NIMR ina Tanzania Journal of Health Research. Ukipata barua pepe inayokuita profesa mashuhuri, ikikuahidi kuchapisha ndani ya siku tatu kwa dola mia moja, ifute. Majarida hayo ya kilaghai yatameza kazi yako, na ukiitaka tena uipeleke mahali pa heshima utaambiwa imeshachapishwa. Yapo majarida halali yanayotoza ada, na mengi husamehe au kupunguza kwa waandishi wa nchi za kipato cha chini. Omba msamaha huo kwa maandishi kabla hujatuma.

Lakini kabla ya jarida, rudi wodini. Omba dakika kumi kwenye ripoti ya asubuhi, peleka ule mchoro wa nguzo ukiwa umechapwa kwenye karatasi moja kubwa, na usitaje jina la mkunga yeyote. Waambie kwamba hukuja kutafuta mwenye kosa, uwaulize wanavyopima. Ndipo mtu wa zamu ya usiku atakapokwambia kwamba betri za ile mizani ya kidijitali ziliisha mwezi wa tatu, wakairudia ya mshale, na hakuna aliyewauliza mpaka leo. Hilo halimo kwenye daftari, na litabadilisha sehemu ya majadiliano ya makala yako. Andika tarehe, mshukuru, na umwambie mganga mfawidhi kuhusu betri siku hiyohiyo.